Kabla Hujaanza Mazoezi, Jicho Lichunguzwe Ndani

Baba mdogo ni fundi cherehani hapa Tanga, na cherehani ni kazi ya kukaa. Akishaketi asubuhi, anainuka kuswali na kula tu mpaka magharibi. Mwaka jana alianza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano. Akanunua miwani ya mtaani, akaendelea. Alipopimwa na kuambiwa ana kisukari na presha, akataka kesho yake aanze kunyanyua vyuma na kijana wake. Tukamwomba aonwe na daktari wa macho kwanza, na namshukuru Mungu alikubali.

Nyuma ya jicho, kwa ndani, kuna retina, utando unaopokea mwanga, mahali pekee mwilini ambapo daktari huiona mishipa ya damu waziwazi bila kukupasua. Presha ikikaa juu kwa miaka, mishipa midogo inayopeleka damu pale husinyaa. Kukaa kutwa nako kuna alama zake. Utafiti wa Sydney, Australia, uliochapishwa mwaka 2011, uliwaangalia watoto wapatao 1,500 wa miaka 6: waliocheza nje zaidi walikuwa na mishipa hiyo mipana kuliko waliocheza kidogo, na waliokaa sana mbele ya televisheni yao ilikuwa myembamba. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kukaa ndiko kulikoisinyaza. Hata hivyo, ukifikiri kuwa hao ni watoto wa darasa la kwanza, huwezi kulipuuza.

Kwa hiyo pima presha na sukari, kisha retina. Mwenye kisukari aina ya 2 achunguzwe mara tu ugonjwa unapogundulika, asisubiri macho yafifie. Baada ya hapo kwa kawaida ni kila mwaka. Utatiwa matone ya kupanua mboni. Yanawasha kidogo, kisha maandishi yanakuwa ukungu kwa saa kadhaa na jua linakuchoma. Usiende ukiendesha pikipiki wala gari. Chukua mtu wa kukushika mkono na miwani ya jua. Baba mdogo alitoka amejifunika kofia usoni.

Muulize daktari swali hili bila aibu: je, kuna mishipa mipya iliyoota kwenye retina? Kisukari cha muda mrefu huweza kuiotesha, na huwa dhaifu. Ukibana pumzi kunyanyua kitu kizito, ukirukaruka au kuinamisha kichwa chini ya kiuno, inaweza kupasuka na damu ikamwagika ndani ya jicho. Mwenye hali hiyo hutibiwa kwanza, kwa leza (mwanga mkali wa kutibia) au sindano ya jichoni, na daktari ndiye anayesema lini vyuma vinaruhusiwa. Kutembea kwa kawaida hakukatazwi, lakini uliza.

Anayetumia insulini apime sukari kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5 kwa kipimo cha mmol/L, ale kitu kwanza, na mfukoni awe na glukosi au pipi. Kung'uta viatu pia, maana mguu wenye ganzi hauisikii kokoto.

Kiasi? Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2020 kuwa mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Anza na dakika 10. Mimi naona kuvunja kukaa ni muhimu vilevile, kwa sababu nusu saa ya alfajiri haiwezi kubeba saa kumi za kiti. Baba mdogo amehamishia pasi upande wa pili wa duka: kila mshono unaohitaji kupigwa pasi unamwinua.

Na jambo hili mjue wote nyumbani: vidoa vyeusi vingi vikitokea ghafla, mwanga ukimulika kama radi, au kivuli kikishuka kama pazia, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje maumivu, retina haiumi. Usitie jichoni dawa ya mitishamba wala maziwa.

Jicho lake la kulia lilikutwa na mishipa mipya. Ameanza leza, na vyuma vya kijana bado viko chini ya kitanda. Kila alfajiri anatembea kutoka Chumbageni kuelekea Raskazone, taratibu, na uzi anatungiwa na mwanafunzi wake.