Kabla ya Kuwasha Injini ya Mvuke Kiangazi: Cheche, Wavu na Nishati Unayochoma

Tarehe 1 Juni 2018 moto ulizuka kando ya reli, kaskazini mwa mji wa Durango, jimbo la Colorado nchini Marekani. Theluji ya majira ya baridi yaliyotangulia ilikuwa kidogo, msitu umekauka, na injini za mvuke za reli ya Durango & Silverton zilikuwa zikipandisha watalii mlimani kwa makaa ya mawe. Zaidi ya ekari 54,000 ziliteketea. Wachunguzi wa serikali walisema chanzo ni kipande cha kaa la moto kilichorushwa na dohani ya injini. Serikali ikafungua kesi mwaka 2019, na mwaka 2022 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 20 bila kukiri kosa. Mvua ziliponyesha, tope na majivu viliporomoka hadi mto Animas na samaki wakafa.

Treni za njia ile zilikuwa na desturi ya kufuatwa na kiberenge, yaani gari dogo la reli, kilichobeba maji. Wenyewe walikuwa wazoefu, kwenye reli iliyokuwepo tangu 1882. Ndiyo maana nasisitiza jambo hili kwa kila anayetamani kuona injini ya zamani ikitoa mvuke tena, iwe Nairobi, Bulawayo au kwingineko: jibu la “tumefunga wavu wa cheche”, yaani wavu wa chuma wa kuzuia cheche zisitoke kwenye dohani, halitoshi. Wavu unakuja baadaye. Swali la kwanza ni unachoma nini.

Kuni ndizo mbaya zaidi kwa cheche. Kipande cha gome kikishika moto huwa chepesi, huelea mbali na upepo, na hutua kikiwa bado kinawaka. Kwa sababu hiyo injini za Marekani za karne ya 19 zilivalishwa dohani pana sana juu. Ndani yake moshi uligonga koni ya chuma, ukageuzwa na kuzungushwa, na vipande vizito vikaanguka pembeni kabla ya kutoka nje. Reli ya Uganda, iliyofika Kisumu mwaka 1901, nayo ilikula kuni kwa miaka mingi, na mikalitusi ilipandwa kwa ajili ya matumbo ya injini hizo. Leo sioni sababu ya kuchoma kuni katika safari ya watalii msimu wa kiangazi, hata kama zinapatikana bure.

Makaa ya mawe yanahitaji maelezo marefu kidogo, maana watu huyazungumzia kana kwamba yote ni mamoja. Yapo yenye gesi nyingi, yanayowaka kwa mwali mrefu na moshi mzito. Yapo yanayolainika na kushikana motoni yakawa bonge moja, na yapo yanayopasuka vipande vidogo mara tu yanapopata joto. Hayo ya mwisho ni hatari, kwa sababu kila mpumuo wa injini hunyanyua chembe zake na kuzipitisha kwenye mirija ya boila hadi kwenye dohani. Chenga na vumbi chini ya lundo nazo hufanya hivyohivyo. Kwa hiyo chekecha makaa, peleka tanurini madonge tu, na yaliyobaki yalowanishe kabla ya kuyatupia motoni.

Ukibadilisha mgodi, hesabu kwamba umebadilisha injini. Reli za kihistoria za Uingereza zilizoea makaa ya Wales Kusini, ambayo hayana moshi mwingi. Mgodi wa Ffos-y-fran, karibu na Merthyr Tydfil, uliacha kuchimba mwishoni mwa 2023, na reli hizo zikalazimika kutafuta makaa ya nchi za mbali na kujaribu matofali ya makaa yaliyoshindiliwa. Wavu uliofaa makaa ya jana unaweza kuziba kwa haya ya leo, au ukapitisha vipande ambavyo zamani havikuwepo. Jaribu shehena mpya wakati wa mvua, nyasi zikiwa mbichi, ukiwa na mtu wa kukaa nyuma na kutazama kinachotoka. Kiangazi si wakati wa majaribio.

Mafuta mazito ndiyo yaliyokuwa chaguo la Shirika la Reli la Afrika Mashariki baada ya Vita Kuu ya Pili. Injini 34 za daraja la 59, za aina ya Garratt (boila moja kubwa katikati ya seti mbili za magurudumu), zilizoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zilichoma mafuta tangu siku ya kwanza. Ni mashine za tani 250 hivi kila moja, zilizokuwa zikipanda kutoka Mombasa hadi Nairobi kwenye reli ya upana wa mita moja. Namba 5918, Mount Gelai, ipo hadi leo kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, imebeba jina la mlima wa kaskazini mwa Tanzania. Ukisimama ubavuni mwake unaona tangi la mafuta mahali ambapo ungetarajia kuona makaa. Huko Durango nako, baada ya moto, injini namba 493 ilirudi kazini mwanzoni mwa 2020 ikiwa imegeuzwa kuchoma mafuta, na nyingine zikafuata.

Mimi nashauri mafuta, bila kigugumizi, kwa njia yoyote inayopita kwenye nyasi kavu au msitu. Hakuna tandiko la makaa la kunyanyuliwa na mvuto wa hewa. Lakini isidhaniwe kwamba mafuta hayatoi cheche kabisa. Yasipoungua vizuri huacha masizi ndani ya mirija, na mchochea moto huyaondoa kwa kumwaga mchanga kwenye tanuri wakati injini inavuta kwa nguvu. Mchanga hupita kwa kasi, hukwangua masizi, na wingu jeusi hutoka juu likiwa na kaboni ya moto ndani yake. Kazi hiyo ipangiwe mahali: kwenye changarawe au mwamba, mbali na nyasi na paa za watu, na dereva ajue mapema ni wapi. Pia kagua matofali yanayolinda kuta za tanuri, mabomba ya mafuta na valvu ya kufungia haraka. Hakikisha pana mvuke wa kutawanya mafuta wakati wa kuwasha, kutoka injini nyingine au boila ya karakana. Mafuta yakimwagika ndani bila kushika moto, usiyawashe tena kwa joto la matofali. Funga, pitisha hewa hadi mvuke wa mafuta uishe, kisha anza upya kwa utambi unaowaka.

Sasa wavu wenyewe. Umo ndani ya chumba cha moshi, mbele ya boila, kati ya mirija na dohani. Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni hutoka kwa nguvu chini ya dohani na kuvuta hewa kupitia kwenye moto, na mvuto huohuo ndio unaobeba chembe. Hapo kuna mvutano usiokwisha. Matundu makubwa hupitisha kaa la kuwasha nyasi, matundu madogo huziba na kuua mvuto, mvuke ukapungua, na wafanyakazi waliochoka wakashawishika kuutoboa wavu au kuuacha karakana. Ugonjwa huu wa pili, wa wavu unaoziba, ndio wa kuogopa zaidi. Kama injini haipati mvuke na wavu umefungwa, tatizo litafutwe kwenye makaa, kwenye mpangilio wa bomba la mvuke, au kwenye mlango wa chumba cha moshi unaopitisha hewa. Vipo pia vifaa vinavyovuta hewa bila kuubana mvuke kupita kiasi. Kimoja chao, Giesl ya Austria, kilifungwa kwenye injini nyingi za Afrika Mashariki.

Kagua wavu injini ikiwa baridi, kwa tochi, mtu mmoja ndani na mwingine nje. Pengo huanza kwenye maungio, pale wavu unapokutana na ukuta au bomba, na kwenye boliti zilizolegea. Nyuzi zilizoliwa na chembe huwa nyembamba kabla ya kukatika, kwa hiyo zipapase kwa vidole, usizitazame tu. Majivu yaliyorundikana chini yaondolewe yote. Hewa ikipenya mlangoni yatawaka hapohapo na kupindisha chuma.

Watu husahau chini. Sinia la majivu, lililo chini ya tanuri, likiwa na mlango usiofunga vizuri, makaa mekundu hudondoka juu ya mataruma ya mbao kilomita baada ya kilomita, na hakuna wavu wa dohani utakaoyazuia. Jaribu kufuli za milango yake, fungua bomba la kunyunyizia maji uone kama linafanya kazi, na wakataze wafanyakazi kumwaga majivu popote isipokuwa penye shimo lililotengwa. Mteremkoni, vyuma vya breki vinavyobana magurudumu navyo hutoa cheche, hata kwa treni inayovutwa na dizeli.

Halafu kuna mikono ya watu. Magurudumu yakiteleza wakati wa kuondoka, mlipuko wa mvuke hung’oa moto kutoka kwenye chaga ya tanuri na kuurusha nje. Dereva mzuri huondoka taratibu, mchanga ukiwa umekwisha mwagwa relini, na mchochea moto huwa ametandika moto sawasawa bila mashimo. Kuchokoa moto kwa chuma injini inapopanda mlima ni kuomba balaa. Wote wawili waipitie njia kwa miguu au kwa kiberenge kabla ya msimu, wajue kila mpando na kila kichaka.

Nyasi za kingoni zikatwe zikiwa bado za kijani na ziondolewe. Zikiachwa zikaukie pale, umejitandikia kuni. Kwenye tambarare kama za Athi au Tsavo kazi hii hutangulia tangazo la safari. Uamuzi wa siku ufanywe jioni iliyotangulia, na mtu mmoja mwenye mamlaka ambaye hauzi tiketi: upepo, ukavu wa hewa, mvua ya mwisho ilinyesha lini. Reli ya North Yorkshire Moors huko Uingereza huweka dizeli badala ya mvuke ukame unapozidi, na abiria bado hupanda. Bima, vibali na namba za zimamoto viwe tayari, na majirani wajulishwe.

Kiberenge kifuate nyuma ya treni kwa umbali wa kuweza kuona moshi mdogo ukianza, kikiwa na tangi, pampu iliyowashwa asubuhi hiyo, majembe, mabegi ya maji na redio. Treni ikifika mwisho, kirudi njia nzima tena baada ya saa moja au zaidi, maana kaa lililojificha kwenye mzizi au kinyesi kikavu cha ng’ombe halionyeshi moshi mara moja. Majivu ya siku hiyo yalowanishwe na kugeuzwa kwa koleo hadi yapoe kabisa.