Pikapu yako si Hilux? Anza na futi kamba

Dodoma ukiwa na Hilux, kila duka la spea lina kitu chako. Ukiwa na Mazda B2500 kama hii yangu ya kubebea zabibu, muuzaji anakutazama, anatikisa kichwa, anakwambia jaribu Dar. Usipande basi bado. Ingia dukani na vipimo, jina la gari liache nje.

Jua kwanza ndugu wa gari lako. B2500 za kuanzia 1998 na Ford Ranger za miaka hiyo ni pacha: kiwanda kimoja cha Rayong, Thailand, na injini ileile ya dizeli ya WL, cc 2,499. Kwa hiyo uliza spea za Ranger, ila ile ya zamani. Ranger zilizoanza 2011 ni gari jingine kabisa.

Rimu zina mtego. B2500 ina nati sita, na duara linalopita kwenye bolti ni milimita 139.7, sawa na Hilux. Lakini tundu la katikati la rimu ya Hilux ni 106.1, pana kuliko habu (kitovu cha gurudumu) ya Mazda, hivyo rimu inaelea. Mpelekee fundi wa kukereza akutengenezee pete ya kuziba nafasi hiyo. Rimu ya Mitsubishi L200 ina tundu la 67 tu, haipiti. Nissan Navara D40 nayo ina nati sita, ila duara lake ni 114.3, na wapo watakaokuuzia huku wakiapa itaingia.

Sasa springi, maana hapo ndipo mzigo unapokaa. Pima upana wa jani, urefu wa jani kuu kutoka jicho hadi jicho, unene, na kichwa cha bolti ya katikati. Jani la kuongeza, hata likitoka gari gani, liwe na upana uleule na mkunjo unaofanana. Likinyooka kuliko wenzake halibebi kitu mpaka gari lishuke. Lisitobolewe kwa moto wala kuchomelewa. Moto huua ugumu wa chuma cha springi, na fundi akikwambia "nitapiga kidogo tu, mama", chukua jani lako uondoke. Nunua yubolti mpya (zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), ndefu kidogo kwa sababu ya jani lililoongezeka. Nenda Hombolo na mzigo, ukirudi uzikaze tena.

Shokapu pima ikiwa imevutwa yote, kisha ikiwa imebanwa yote. Iliyo fupi itageuka kizuizi cha ekseli na kukatika.

Mbele hakuna koili. Kuna fimbo ndefu ya chuma inayojisokota, mafundi wanaiita toshenibaa, na ina bolti ya kurekebishia. Kuinua mbele sentimita mbili tatu hakuhitaji spea yoyote. Ukizidisha, boli jointi zitalia, halafu lazima upime alaimenti.

Keria ya nyuma chonga hapahapa mjini, kwa mabomba ya mraba ya inchi moja na nusu. Ifungwe kwa bolti, isichomelewe kwenye bodi, ili siku ya kuuza au kupaka rangi uitoe. Chini ya kila mguu weka kipande cha tairi kuukuu. Wachonga katambuga wanavyo. Kama lazima kuchomelea kitu kwenye gari, toa waya hasi wa betri, na klempu ya mashine ibanwe karibu na pale panapochomelewa. Chesisi usiitoboe juu wala chini. Tumia matundu ya ubavuni yaliyopo.

Ukibadili rangi au injini, peleka taarifa TRA, mamlaka ya mapato, kadi ya gari irekebishwe.

Halafu hili la simtanki, kwa kuwa kiangazi kila mtu hapa anageuka muuza maji. Lita 1,000 ni tani nzima, bado hujahesabu keria na vijana wawili waliokaa juu. Maji yakijaa nusu yanacheza kuliko yakijaa pomoni, na kwenye kona yanavuta gari yanakotaka yenyewe. Mimi nafunga matangi mawili madogo, mbele kabisa karibu na kebini.