Tangi la samaki wa baharini: jazia maji ya RO
Wafugaji wa samaki wa baharini hapa Mtwara, joto hili linakausha maji ya tangi, chumvi inabaki. Chora mstari kwenye kioo kwa makapeni, kila maji yakishuka jazia maji ya RO (yaliyochujwa kwa mashine hadi chumvi na madini karibu yote yatoke) hadi hapo. Usijazie ya bahari, yatazidisha chumvi. Ya kisima huja na naitreti, fosfeti na silika, chakula cha ule utando wa kijani na kahawia unaong'ang'ania kioo. Kuchemsha hakuvitoi. Ukitaka kutumia maji ya betri badala ya RO, soma kibandiko kwanza, mengine ni tindikali! Ila ukilisha kupita kiasi au taa isipozimwa, utando utarudi tu: chakula kilichooza na kinyesi ni mbolea tosha.