Jinsi ya kuwatafuta kome wa mtoni bila kuwaua

Ukimtajia mtu wa Tanga kome anawaza wale wa baharini wanaookotwa maji yakipwa, ila mito nayo ina kome wake wa maji baridi na wengi tunawakanyaga tu bila kujua. Kama unakaa karibu na Zigi au Pangani, au uko Bagamoyo upande wa Ruvu, unaweza kuwacheki mwenyewe.

Kwanza kabisa mamba. Waulize wavuvi wa hapo pa kuingilia na usiende peke yako. Maji yaliyotulia yenye majani majani usikae sana, kuna kichocho (kinaletwa na konokono, kome wa watu hahusiki jamani). Na masika achana nayo, subiri kiangazi maji yapungue.

Anza ukingoni, tafuta magamba matupu. Ukiyaona basi wenyewe wanaweza kuwa hapo hapo, au mafuriko yameyaleta kutoka juu. Halafu papasa taratibu kwenye mchanga wenye tope kidogo, maji yasizidi magoti. Aliye hai anajifukia anaacha ncha tu nje, ukitulia utaona vitundu viwili, kimoja kinavuta maji kingine kinatoa, na huko ndani anachuja mwani na bakteria, mabaki yanashuka chini yanakuwa chakula cha wadudu ambao nao wanaliwa na samaki. Mguse, atafunga fasta. Akibaki wazi tu, huyo kafa.

Kumrudisha ndo watu wanapoharibu. Usimrushe katikati ya mto, mlaze ubavu palepale ulipomtoa, atatoa mguu wake na kujichimbia mwenyewe polepole.

Gamba piga picha na sarafu ya mia mbili pembeni ili ukubwa ujulikane, andika tarehe na sehemu. Ukiona wakubwa watupu bila wadogo, shtuka, maana kome wengi utotoni wanajishikiza kwenye mashavu ya samaki ndo wakue, kwa hiyo samaki wakiisha au mchanga ukichotwa hovyo kwa malori, wazee wanaendelea kuishi miaka na miaka ukadhani mto uko poa kumbe hakuna kizazi.

Kuwala? Mi sili. Sumu ya majini inabaki kwenye nyama yao, na kama huko juu kuna wachimba dhahabu wanaotumia zebaki ndo kabisaaa.