Picha moja inakula shilingi ngapi? Namna ya kupima gharama ya kuchapa picha nyumbani

Kila anayeiona printa sebuleni kwangu huuliza swali lilelile: "Kaka, picha moja inakutoka shilingi ngapi?" Miaka miwili ya mwanzo nilijibu kwa kukisia. Nilichukua bei ya wino nikaigawa kwa idadi iliyoandikwa kwenye boksi, basi. Hesabu hiyo ilinipotosha, na naamini inawapotosha wengi wanaochapa nyumbani halafu wanashangaa mbona hela haionekani. Gharama ya picha inapimwa kwenye mashine yako mwenyewe, kwa wino wako na karatasi yako. Inataka mwezi mmoja wa subira, bomba za sindano chache kutoka duka la dawa, na daftari.

Nachapia hapa Dodoma: postikadi (picha za sentimita 10 kwa 15 hivi) za mahafali, ubatizo na kipaimara, na picha za pasipoti za wanafunzi. Mashine yangu ni Epson L805, ya matanki sita ya wino yanayojazwa kwa chupa. Njia hii inafaa printa yoyote ya matanki. Wenye katriji, hatua ya kwanza peke yake huenda ikawatosha.

Hatua ya 1: Geuza bei iwe shilingi kwa mililita

Usilinganishe chupa na katriji kwa bei ya dukani. Soma mililita ubavuni. Katriji ndogo ya rangi huwa na mililita 9 hivi, wakati mwingine pungufu. Tuseme umeinunua kwa 45,000: kila mililita imekugharimu 5,000.

Mimi chupa sita za mililita 70 niliagiza Dar es Salaam kwa 34,000 kila moja, nikalipa 6,000 zije kwa basi. Jumla ni 210,000 kwa mililita 420, yaani 500 kwa mililita. Bei za kwenu zitakuwa tofauti, weka zako. Ila nauli usiiache nje, nayo ni bei ya wino.

Umeona pengo hilo? Mara kumi, kwa wino wa kazi ileile. Mwenye katriji anayetaka kuchapa picha kila wiki ajue kwamba printa aliyoipata kwa bei rahisi ataendelea kuilipia kidogo kidogo dukani.

Kuhusu idadi ya kurasa kwenye boksi: hupimwa kwa kiwango kinachoitwa ISO/IEC 24711, na kurasa zake ni za kiofisi, zenye maandishi na michoro, sehemu kubwa nyeupe. Picha inajaa wino kona hadi kona. Kurasa 7,500 za boksi si picha 7,500, wala hazikaribii. Picha zina kiwango chake, ISO/IEC 29102, kinachopima kwa picha za sentimita 10 kwa 15. Uliza namba hiyo kabla hujatoa hela. Kwa L805, Epson wanataja hadi picha 1,800 kwa seti moja ya chupa, ambayo ni kama mililita 0.23 kwa picha. Iandike pembeni, tutairudia.

Hatua ya 2: Pima wino uliotumika kweli

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo twende polepole.

Kwanza, usipime kwa seti iliyokuja na mashine. Sehemu ya wino huo inajaza mirija na hedi (kichwa chenye matundu madogo yanayonyunyizia wino), na matokeo yatakutisha bure.

Jaza matanki yote hadi mstari wa juu. Weka printa mahali pasipoinama na usiihamishe hadi umalize. Kata vipande vyembamba vya utepe, ubandike kila tanki usawa wa wino, jicho lako likiwa sawa na mstari. Ukisoma kwa kuinamia kutoka juu utakosea. Kisha chapa kazi zako za kawaida hadi zifike postikadi mia moja. Usipime kwa picha kumi. Wino utashuka kiasi kidogo mno, na unene wa utepe wenyewe utakuharibia hesabu.

Zikifika mia, chukua bomba za mililita 5, moja kwa kila rangi, mpya na kavu. Usitumie bomba la rangi moja kwenye rangi nyingine hata kama umelisuuza. Vuta wino kutoka kwenye chupa, ujaze tanki taratibu hadi kwenye utepe, uandike umeingiza kiasi gani. Funga kizibo mara moja, maana vumbi la hapa halisubiri.

Daftari langu la mara ya kwanza linasomeka hivi: nyeusi 1.5, buluu 2, waridi iliyokolea 2.5, njano 6, buluu hafifu 7, waridi hafifu 8. Jumla mililita 27 kwa picha 100, yaani 0.27 kwa picha, na kwa bei yangu ni shilingi 135. Ile 0.23 ya kiwandani haikuwa uongo. Tofauti ni usafishaji wa hedi mara moja na picha nilizoharibu.

Angalia tena hizo rangi. Mbili hafifu na njano zimekula mililita 21 kati ya 27, kwa sababu ngozi za watu, kuta na anga hujengwa zaidi na hizo. Ukienda kununua wino seti nzima kila mara, chupa za nyeusi zitakurundikia kabatini hadi muda wake upite. Nunua rangi iliyoisha.

Mia nyingine nilipima kwa picha za pasipoti tupu, zenye mandhari ya buluu. Buluu hafifu iliruka kutoka 7 hadi 13. Tangu hapo mteja asipoelekezwa rangi maalumu na ofisi anakopeleka, namuuliza kama nyeupe itamfaa.

Hatua ya 3: Hesabu karatasi zilizotoka, si picha zilizobaki

Pakiti ya postikadi za glosi, karatasi 20, nanunua 6,000. Ni 300 kwa karatasi. Kumbe kwa printa ya matanki karatasi ni ghali kuliko wino mara mbili na zaidi! Hili lilinishangaza kuliko jambo lolote katika zoezi zima, kwani muda wote nilikuwa nahangaikia wino.

Katika zile picha 100 nilitumia karatasi 107. Moja iliingia upande usio na glosi, mbili zilishikana, nyingine rangi hazikutoka sawa. Kwa hiyo karatasi ya kila picha nzuri si 300 bali 321. Usizitupe zilizoharibika kabla ya kuzihesabu.

Njia iliyonipunguzia zaidi ni kuchapa kwenye A4 na kukata. Watu hudhani A4 inatoa postikadi nne. Haitoi. Postikadi ni sentimita 10.16 kwa 15.24; mbili juu ya mbili zinataka urefu wa 30.48 na A4 ina 29.7. Panga hivi: mbili zimesimama juu sambamba, moja imelala chini yake upande wa kushoto. Pembeni mwa iliyolala panabaki nafasi ya pasipoti mbili za 3.5 kwa 4.5 zikiwa zimesimama, na mstari wa chini kabisa unaingiza nne zikiwa zimelala. Postikadi tatu na pasipoti sita kwenye karatasi moja, hata ukiacha ukingo wa milimita 3. Ila unahitaji kikata karatasi cha mkono. Kwa mkasi utaharibu, na mteja anauona mkato uliopinda kabla hajaiona sura yake.

Kwa postikadi tupu, panga pasipoti nane: nne kwa mbili.

Na acha mazoea ya kuchapa bila ukingo. Printa hukuza picha kidogo na kunyunyizia wino hadi nje ya karatasi, na wino huo unaingia kwenye sponji la uchafu. Ukingo mwembamba mweupe haumkeri mtu.

Hatua ya 4: Usafishaji wa hedi uuwekee safu yake

Kila ukibonyeza kusafisha, rangi zote sita hunyonywa, hata kama iliyoziba ni moja. Nilipima kwa utepe uleule: usafishaji mmoja wa kawaida ulikula kama mililita 3, sawa na picha 11. Nilikuwa nasafisha kila asubuhi nikidhani naitunza mashine.

Sasa nafanya hivi. Nachapa kwanza karatasi ya kukagua matundu, kwenye karatasi ya kawaida. Mistari ikiwa mizima, sigusi kitu. Ikikatika, nasafisha mara moja na kukagua tena. Ikifika mara tatu haijafunguka, nazima na kuiacha usiku kucha. Mara nyingi asubuhi wino umelainika na mistari imerudi.

Kiangazi cha Dodoma ni kikavu na upepo unabeba vumbi, hivyo kila Jumapili nachapa picha moja ndogo yenye rangi zote, hata kama sina kazi, na printa inalala imefunikwa kitambaa. Zima kwa kitufe chake, usizime ukutani. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hedi inabaki nje ya kifuniko chake na kuanza kukauka, kwa hiyo ukirudi iwashe mapema, uiache ijiegeshe, ndipo uizime. Angalia Luku kabla ya kuanza kazi ndefu. Umeme wenyewe usiuwekee safu: printa hizi hula chini ya wati 20 zikichapa, na picha elfu moja hazimalizi uniti moja.

Wino wa kusafishia na wa ukingoni unakwenda kwenye sponji lile, na mashine ina hesabu yake ya ndani. Siku itakapogoma, fundi atabadilisha sponji na kurudisha hesabu sifuri. Akikwambia anarudisha hesabu tu bila kubadilisha sponji, kataa. Wino utakuja kumwagika mezani. Tenga fedha ya kazi hiyo tangu sasa.

Hatua ya 5: Wino wa bei rahisi, na picha inayofifia

Upo wino wa kujazia wa 10,000 kwa mililita 100. Ni shilingi 100 kwa mililita, na kwa kila picha ungeokoa 108. Niliutumia miezi minne.

Kisha mama mmoja akaja na fremu kaifunga kwenye khanga. Ilikuwa picha ya marehemu mumewe, niliyomchapia kwa ajili ya arobaini. "Shikamoo mama," nikamwambia. "Marahaba mwanangu. Mzee anaondoka tena, hebu tazama." Nilitazama. Uso ulikuwa umegeuka kijani, shati jeupe limekuwa la manjano, na macho yamebaki madoa. Alikuwa ameitundika mkabala na dirisha. Nilimwomba radhi, nikamchapia nyingine kwa wino wa kiwandani, nikamsaidia kuitundika ukuta wa pili. Hakunidai kitu. Nimeikumbuka fremu ile kila nilipotaka kuokoa zile 108.

Kama bado unashawishika, fanya jaribio hili kabla hujampa mtu picha. Chapa sura moja, ikate katikati, nusu moja ibandike dirishani panapopiga jua, nyingine ifungie ndani ya kitabu. Baada ya wiki sita ziunganishe. Mimi nilifanya kwa wino wa aina mbili na karatasi za aina mbili, na vipande hivyo vipo ukutani. Anayeniuliza bei namwonyesha. Usichanganye wino wa aina mbili kwenye tanki moja.

Hatua ya 6: Jumlisha

Wino 135, karatasi 321. Ongeza mashine yenyewe: kama ilikugharimu 800,000 na unategemea ikuchapie picha 8,000 kabla ya kuibadilisha, ni 100 kwa picha. Jumla 556. Ukipeleka karatasi kwa upande wa A4 itashuka, ukisafisha hovyo itapanda. Muda wako haumo humo, wala bajaji ya kupeleka picha. Ongeza kabla hujamtajia mteja bei.

Pima tena kila unapobadilisha aina ya karatasi au wino. Vinginevyo mara mbili kwa mwaka inatosha.

Hatua ya 7: Angalia kama unahitaji printa

Mwezi uliopita dada jirani alikuja kutaka nimchagulie mashine ya kuchapa picha za wanawe. Nikamuuliza ni ngapi kwa mwezi. Akafikiri, akasema kama nane. Tulikaa na daftari. Usafishaji mmoja tu kwa wiki ungekula wino wa picha zaidi ya arobaini kwa mwezi ili atoe nane, na ile 800,000 ingetaka miaka mingi kujirudisha. Nikamwambia azikusanye kwenye simu, kila baada ya miezi mitatu alete ishirini na nne kwa pamoja: karatasi nane za A4, na zile pasipoti za pembeni nitamtolea za shule za watoto.