Kuchagua kadi ya sauti ya studio ya nyumbani: anza na maiki, si namba za kwenye boksi

Kadi ya sauti ni kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta. Vijana wanaofungua studio chumbani huniuliza, "Kaka, ninunue kadi gani?" na hapo hapo wanaanza kutaja 192 kHz na biti 32, yaani namba za ubora wa kurekodi. Mimi huwarudishia swali: unarekodi nini, na maiki ngapi zinakuwa wazi kwa wakati mmoja? Ukishalijibu hilo, nusu ya kadi zilizopo dukani zinajiondoa zenyewe.

Hatua ya 1: Hesabu maiki

Kama kazi yako ni kuingiza vokali (sauti ya kuimba) juu ya mdundo, tundu moja la maiki linatosha. Hata hivyo chukua kadi yenye mawili, maana siku yoyote atakuja mpiga gitaa anayetaka kuimba huku anapiga. Mwimbaji wa taarab na mpiga udi wakirekodiwa pamoja, mawili pia yanatosha. Ukitaka kurekodi ngoma kadhaa zikipigwa kwa pamoja, tafuta manne au manane. Kwaya isikutishe: watu ishirini wakipangwa vizuri mbele ya maiki mbili nzuri, kazi inatoka safi.

Majina ya kadi yasikuchanganye. Focusrite Scarlett 4i4 ina njia nne za kuingiza sauti, lakini priampu za maiki, yaani vikuza sauti vyake vya ndani, ni mbili tu. Nyingine mbili ni za kinanda au mikisa. Scarlett 18i20 inafikisha 18 kwa kujumlisha nane za kawaida, nane za ADAT na mbili za S/PDIF, ambazo ni njia za kidijitali, hazipokei maiki moja kwa moja. Behringer UMC404HD ina priampu nne kamili. Dukani, igeuze kadi uhesabu matundu ya XLR (yale ya duara ya waya wa maiki, yenye pini tatu) kwa macho yako.

Kama unapiga gitaa la umeme au besi, hakikisha kuna swichi ya "INST", ya kupokea gitaa. Ukilichomeka gitaa moja kwa moja kwenye njia ya laini (ile ya kinanda au mikisa), sauti inatoka imefifia, haina makali ya juu.

Hatua ya 2: Pima geini

Geini ni kiasi ambacho kadi inaweza kuikuza sauti ya maiki. Hapa ndipo kadi nyingi za bei ndogo zinaposhindwa, na ndipo ninapotaka uweke muda wako. Maiki ya kondensa inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi, lakini sauti yake ni kubwa, haisumbui. Maiki ya dainamiki kama Shure SM58 inatoa mawimbi madogo, na SM7B madogo zaidi: Shure wenyewe wanataka geini ya angalau desibeli 60. Scarlett 2i2 ya toleo la nne inafika desibeli 69; Solo ya toleo hilo hilo inaishia 57. Zinafanana kama mtu na mdogo wake, lakini kwa mwenye SM7B ni kadi mbili tofauti kabisa.

Nenda dukani na maiki yako na hedifoni zinazoziba masikio. Chomeka, mwambie mwenzako aongee kwa sauti ya kawaida, mdomo shubiri moja kutoka kwenye maiki. Panda geini taratibu mpaka vilele vya sauti vicheze karibu na desibeli −12 kwenye mita ya programu ya kurekodia. Sasa anyamaze. Unachosikia hapo ndiyo kadi yenyewe. "Shhh" ya mbali sana haina neno. Ikiwa kitufe kimefika robo ya mwisho na hiyo "shhh" imelipuka ghafla, au kitufe kimefika mwisho na mita bado iko −30, hiyo kadi na maiki yako haviendani.

Hatua ya 3: Angalia draiva

Draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kadi. Kwenye Windows, tafuta kadi yenye draiva yake ya ASIO (aina inayopunguza kuchelewa kwa sauti) kutoka kwa mtengenezaji. Behringer UMC22, kwa mfano, hutegemea ASIO4ALL, draiva ya jumla ya kujazia pengo. UMC202HD ina draiva yake. Kwenye Mac, kadi nyingi za USB zinafanya kazi bila kuongeza kitu.

Sababu ni kuchelewa kwa sauti. Bafa ni fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulichakata, nawe hulipanga kwenye programu. Bafa ya sampuli 128 kwenye 48 kHz (vipimo 48,000 vya sauti kwa sekunde) ni kama milisekunde 2.7 kuingia, nyingine kama hizo kutoka, na kadi inaongeza zake kidogo. Mwimbaji hatasikia tofauti. Bafa ya 1024 inakaribia milisekunde 21 kila upande. Hapo ataanza kuburuza mapigo na utadhani hajui wimbo. Laptopu yako ikiwa dhaifu, chagua kadi yenye "DIRECT MONITOR", ili mwimbaji ajisikie moja kwa moja bila kupitia kompyuta. Hedifoni za Bluetooth usizitumie kurekodia kabisa.

Hatua ya 4: Konveta

Konveta ni sehemu inayogeuza sauti kuwa namba za kompyuta na kuzirudisha kuwa sauti. Nitapita haraka. Biti 16 zinakupa upana wa desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, na biti 24 kwa hesabu ni 144, ingawa konveta nzuri za bei ya kawaida, kama ile ya kutolea sauti ya MOTU M2, ziko kwenye 120. Chumba chenye feni, bodaboda nje na jirani anayetwanga hakifikii hata 96. Rekodi biti 24 kwenye 48 kHz. Dakika moja ya trak ya mono (ya maiki moja) ni MB 8.64, kwenye 192 kHz inakuwa 34.56, na sikio halipati faida.

Konveta ya pembeni ina maana pale unapoishiwa matundu. Kadi yenye ADAT inaungwa na kifaa kama Behringer ADA8200 kwa waya wa optiki, ukaongeza priampu nane. Zaidi ya hapo, fedha yako iende kwenye mablanketi mazito ya ukutani.

Hatua ya 5: Umeme

Kadi inayokula umeme wa USB chomeka kwenye tundu la laptopu yenyewe, si kwenye kigawanyio. Ukisikia mvumo wa chini usiokata, chomoa chaja. Ukiisha, tatizo liko kwenye ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini): pengine plagi ya pini tatu imepitishwa kwenye adapta ya pini mbili. Badilisha adapta au soketi, na pini ya ethi usiikate kamwe. Kwa vokali mimi hurekodi laptopu ikiwa kwenye betri. Mvumo hakuna, na umeme ukikatika, wimbo haupotei.

Hatua ya 6: Ukinunua iliyotumika

Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi, jaribu kila tundu, usitosheke na la kwanza. Zungusha vitufe polepole usikilize mikwaruzo. Washa 48V ukiwa na maiki ya kondensa kweli, uitingishe kebo ya USB kidogo uone kama muunganisho unakata. Ziache kadi za FireWire (aina ya zamani ya kuunganishia kompyuta) hata zikiwa nusu bei, kwa sababu laptopu mpya hazina tundu lake. Kabla ya kulipa, tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji kama draiva ya kadi hiyo inakubali Windows au macOS uliyonayo leo. Kama haipo, mrudishie muuzaji kadi yake.