Kupiga picha msitu kwa filamu ya inchi 4 kwa 5: muda ndio mtego

Katika msitu mnene kama wa Amani, Usambara Mashariki, picha nyingi huharibikia kwenye hesabu ya muda. Macho huzoea kiza, filamu haizoei.

Fika mapema kabla upepo haujaamka, tena siku ya ukungu. Jua likipenya majani huacha madoa meupe ambayo usafishaji wowote hauyaokoi. Sawazisha kamera kwa pimamaji, kisha pandisha lenzi peke yake mpaka vilele viingie. Ukiielekeza kamera nzima juu, mashina yataegemeana. Hakiki ukali kwenye kioo cha ukungu (kioo cha nyuma ya kamera kinachoonyesha taswira) kwa kioo cha kukuzia, halafu funga tundu hadi f/22.

Sasa hesabu. Tuseme una lenzi ya milimita 150 na filamu ya Ilford FP4 Plus. Pima mwanga kwenye kivuli kizito ambacho bado unataka kionyeshe kitu, mathalani katikati ya mizizi. Mita ikisema sekunde 16, punguza stopu mbili (kila stopu ni nusu ya mwanga): 4. Bila kupunguza, kivuli kitatoka kijivu na ukungu utaungua. Mvukuto (mkunjo unaounganisha lenzi na nyuma ya kamera) ukiwa umevutwa hadi milimita 210 kwa sababu jani la mbele liko karibu, gawanya 210 kwa 150, zidisha jibu kwa lenyewe: kama 2. Umefika sekunde 8. Kichujio cha polaraiza, ambacho huondoa mng'ao wa majani yaliyolowa (na msituni ndicho pekee ninachokiona kinastahili kubebwa), huzidisha kwa 4: sekunde 32.

Mwisho kabisa fidia uzito wa filamu, ambayo hupokea mwanga hafifu kwa uvivu. Kwa FP4 Plus, pandisha muda kwa kipeo cha 1.26, 32 inakuwa takribani 79. Wengi hufidia ile 4 kwanza, wakapata 5.7, ndipo wakazidisha kwa 8 (yaani 2 mara 4). Wanaishia 46, na negativu inatoka nyembamba.

Funga shata kabla ya kuchomoa kifuniko cha holda, yaani kishikio cha filamu. Kusahau hapo kunaunguza karatasi nzima ya filamu. Fungua shata kwa waya wa kufyatulia, uhesabu. Upepo ukipita, kinga lenzi kwa kadi nyeusi bila kuigusa, simamisha hesabu, uendelee majani yakitulia. Rudisha kifuniko upande mweusi ukiwa nje, usije ukaipiga karatasi hiyo tena.